Kipimo cha wiki ya 36 ambacho kliniki hawakunipima, nilivyokitafuta mwenyewe hapa Moshi

Naandika hii mtoto kalala, ana miezi minne sasa. Ni habari ya bakteria wa ukeni anaitwa streptokoki kundi B, kwa kifupi GBS, ambaye mtoto anaweza kumpata wakati wa kuzaliwa akaugua. Nimeahirisha kuandika mara nyingi kwasababu kuna maneno humu mtu unaona aibu kuyataja, uke, uchafu, njia ya haja kubwa, lakini aibu hiyo hiyo ndio iliyoniponza mara ya kwanza kwahiyo leo nataja yote. Naishi Pasua hapa Moshi, nauza nguo za watoto za mitumba pale soko la Memorial, baba watoto anaendesha gari ya abiria, Noah ya Moshi Arusha. Mimi sio nesi wala daktari, nimezaa mara mbili tu, na hizo mara mbili hazifanani hata kidogo.

Wa kwanza nilimpata Juni 2021. Mimba yenyewe haikua na shida, ila kwenye wiki ya 30 hivi mkojo ulikua unachoma, nikapima nikaambiwa yutiai, yani maambukizi ya njia ya mkojo, nikaandikiwa dawa za siku 7. Siku ya nne nikaona haichomi tena nikaacha, zile zilizobaki nikaziweka kwenye droo. Hakuna aliyeniambia ni mdudu gani kwenye ule mkojo na mimi sikuuliza, nilijua yutiai ni yutiai.

Wiki ya 38, Jumamosi saa 2 asubuhi, chupa ikapasuka nikiwa nadeki. Uchungu hakuna. Nikampigia mama mkwe yuko Kibosho, akaniambia mama tulia kwanza, uzazi wa kwanza unachelewa, kunywa uji ulale, uchungu ukikolea ndio muende. Simlaumu, yeye kazaa sita na ndivyo alivyofanya kote. Nikajifunga khanga nzito nikakaa. Uchungu ulianza jioni, tukafika hospitali saa 4 usiku, nikajifungua saa 9 usiku. Hesabu mwenyewe, masaa 19 toka chupa ipasuke. Pale leba hakuna aliyeniuliza chupa imepasuka saa ngapi, waliona nimeshafunguka vizuri wakaendelea na kazi, na mimi nilikua na maumivu sikukumbuka kusema.

Mtoto alilia vizuri, kilo 3.1, tukafurahi. Kulipokucha nikaona kama anaguna. Yani kila akitoa pumzi anatoa kamlio kadogo, mm, mm, mm, na pua zinatanuka, na hapa chini ya mbavu panaingia ndani. Ziwa anashika halafu analiachia analala. Nikamwambia sista wa zamu akasema baridi hiyo, mfunike, na kweli Juni Moshi mnaijua, nikamfunika blanketi mbili. Kumbe napoteza muda. Mpaka saa 7 mchana akapita daktari mwingine kabisa, alikua anaenda kwa mgonjwa wa kitanda cha pembeni, akasimama, akamfunua mtoto, akamwangalia kifua kama nusu dakika, akambeba akaondoka naye anakimbia. Ile picha ya mgongo wa daktari unaondoka na mwanangu bado ninayo mpaka leo.

Siku 10 wodi ya watoto wachanga. Oksijeni, mpira wa puani wa kulishia, sindano za antibiotiki, ampisilini na jenta. Naingia kila masaa matatu nakamua maziwa kwenye kikombe. Walichukua damu yake kuotesha, yani kuona kama kuna bakteria ataota, lakini ilichukuliwa dawa zikiwa zimeshaanza, haikuota kitu, kwahiyo mpaka leo sijui kwa uhakika ilikua bakteria gani. Bili ilikuja 412,000 na mtaji wangu wa belo mbili uliishia pale. Alipona. Anakimbia huyu hapa, ana miaka mitatu.

Siku ya kuruhusiwa yule daktari aliyembeba akanikalisha chini akaniuliza vitu viwili tu, chupa ilipasuka lini na kama nilipata yutiai kwenye mimba. Nilipojibu akatikisa kichwa. Akasema hawezi kuthibitisha, ila kuna bakteria anaitwa streptokoki kundi B, kwenye karatasi za maabara utaona wameandika GBS, na huyo ndio mmoja wa wanaoongoza kufanya watoto wachanga waugue siku ya kwanza. Akaniambia damu ya mtoto ingeota huyo mdudu basi uzazi ujao ningechomwa sindano leba bila hata kupimwa, ila kwasababu haikuota, ukibeba mimba nyingine hakikisha unapimwa wiki ya 36. Nikaandika nyuma ya kadi ya mtoto, GBS wiki 36, kwa peni ya kuazima.

Sasa nieleze kidogo nilivyokuja kumwelewa huyu mdudu, maana nilitumia miezi mingi kuuliza. Anaishi tumboni, yani kwenye utumbo, na anahamia ukeni kwasababu ni karibu. Mama haumwi chochote. Hakuna harufu, hakuna muwasho, hakuna uchafu wa rangi ya ajabu, ndio maana huwezi kusema mimi najijua niko safi. Duniani inakadiriwa karibu mama mmoja kati ya watano wajawazito anaye. Na hapa kwetu pia, Muhimbili walipima wajawazito wa kliniki, matokeo yakachapishwa 2009, walikuta 23 kati ya kila 100. Nilivyosikia hiyo namba niliwaza ile foleni ya benchi la kliniki, sisi thelathini tumekaa pale, sita saba wanaye na hakuna anayejua.

Mtoto anampata wakati wa kupita au chupa ikikaa muda mrefu imepasuka na mdudu akapanda juu. Wengi hawadhuriki, kwa mama mwenye bakteria ambaye hajapewa dawa ni kama mtoto mmoja au wawili kati ya 100 ndio wanaugua. Ni wachache, najua. Ila mimi nimekaa na mmoja siku kumi.

Mimba ya pili nilianza kliniki mapema. Walinipima VVU, kaswende, wingi wa damu, mkojo, malaria, nikapewa vidonge vya damu na chandarua, yote vizuri. Wiki ya 28 nikamuuliza nesi kuhusu kipimo cha GBS. Akasema hicho hapa hatuna mama, kama unatokwa na uchafu nenda maabara. Ni kweli hicho kipimo hakimo kwenye vile vya kawaida vya kliniki kwetu. Marekani wanapima kila mjamzito, Uingereza wao hawapimi wote, wanaangalia mwenye dalili za hatari. Kwahiyo nesi hakunidanganya, lakini ningekua sijawahi kuguswa ningeishia pale pale.

Hapa ndio nilifanya kosa ambalo naomba msirudie. Wiki ya 34 nikaenda maabara moja mtaani nikasema nataka kupimwa bakteria ukeni. Basi, hivyo hivyo tu. Wakachukua na pamba, nusu saa nikapewa karatasi, imeandikwa seli za usaha chache, fangasi wapo. Shilingi 10,000. Mimi furaha, bakteria hakuna, nimebakiza fangasi tu. Nikapita duka la dawa, kijana akanipa pesari za fangasi, vidonge vya kuweka ukeni siku sita, hizo sawa, lakini akataka kunipa na doksi, antibiotiki ya doxycycline, eti nisafishe kabisa kama kuna PID, yani maambukizi ya mfuko wa uzazi. Tumbo langu linaonekana toka barabarani jamani. Doksi sio dawa ya mjamzito. Hiyo nilikataa kwasababu niliwahi kuambiwa kliniki, ila najiuliza wangapi wanapewa na wanameza.

Nilivyokwenda kwa daktari wa kina mama na ile karatasi yangu akaiangalia akaniambia hiki sio ulichokuja kutafuta. Akanielewesha kwamba pale waliangalia kwa darubini tu, wanaona fangasi, wanaona usaha, lakini darubini haiwezi kukuambia huyu ni streptokoki kundi B. Kumjua huyo kwa kawaida sampuli inaoteshwa, inawekwa kwenye chakula chake maabara, wanasubiri aote siku mbili tatu. Na sampuli yenyewe inachukuliwa kwingine. Ile yangu ilichukuliwa juu kabisa kwa kile chuma cha kutanulia, wakati ya GBS inachukuliwa mlangoni pa uke, halafu pamba hiyo hiyo inaingizwa kidogo njia ya haja kubwa. Ukiruka huko nyuma unaweza kuambiwa huna na kumbe unaye.

Muda nao una sababu yake. Ni kuanzia wiki 36 kamili mpaka 37 na siku sita, kwasababu jibu linaaminika kwa kama wiki tano tu, hawa wadudu wanakuja na kuondoka. Ukipima wiki ya 28 jibu halikusaidii siku ya kuzaa. Na kama umetoka kumeza antibiotiki usiende kesho yake, zinaweza kumficha. Mimi pia niliambiwa nimalize pesari nikae kama wiki ndio nirudi.

Akanipa na maswali ya kuuliza maabara kabla sijalipa, nayaandika kama alivyoniambia. Uliza mnaotesha hapa hapa au mnapeleka kwingine, maana sampuli ikikaa mahali siku nzima kwenye joto inaharibika. Uliza mnapokea sampuli ya uke na haja kubwa kwa ajili ya GBS, na mnayo ile supu maalum ya kumkuzia kwanza, kwasababu akiwekwa moja kwa moja kwenye sahani ya kawaida wadudu wengine wa utumbo wanamfunika haonekani. Nilipiga simu sehemu tatu. Ya kwanza hawakunielewa kabisa, ya pili wakasema njoo tu tutaona, ya tatu dada akanijibu swali moja moja bila kubabaika, nikaenda hiyo ya tatu.

Ilikua Januari 2024, wiki 36 na siku nne, joto la Moshi la mwezi huo na lile tumbo. Niliogopa sana kupimwa huku nyuma, usiku kucha nawaza atakayenipima atakua mwanaume au mwanamke. Nesi alikua mama mtu mzima, akanipa ile pamba ndefu akaniambia unaweza kujichukua mwenyewe nyuma ya pazia nikikuelekeza, na ndivyo nilivyofanya. Mbele unaingiza kama urefu wa kipande cha kidole, unazungusha, halafu nyuma unaingiza kidogo tu mpaka upite ule mbano, unazungusha, unaitia kwenye chombo. Dakika moja. Hakuna chuma, hakuna maumivu.

Huyo mama akaniuliza unajisafishaje huko. Nikamwambia maji ya uvuguvugu na chumvi, naingiza kidole, na limao nikiwa nahisi harufu, ndivyo nilivyofundwa. Hakunigombeza. Akasema mwanangu, ndani ya uke kuna bakteria wazuri, wanatengeneza tindikali yao inayozuia wabaya, wewe kila siku unawamwaga na maji. Osha nje tu. Fangasi wako na uchafu unaokusumbua kila mwezi inawezekana unajiletea mwenyewe. Kuhusu GBS akasema wazi hayo sio chanzo, huyo anakuja kwa mtu yeyote awe anajiosha vipi, ila niache. Nimeacha, na ule usumbufu wa kila mwezi sijauona tena, nasema kwa upande wangu. Kuotesha nililipa 35,000.

Jibu siku ya nne. Yupo.

Sikutegemea nitalia lakini nililia pale pale kwenye benchi. Unajua neno bakteria ukeni linavyosikika, nilijiona mchafu. Nikarudi nyumbani nikamuonyesha baba watoto karatasi, akaisoma, akakaa kimya, halafu akauliza, umeitoa wapi hii? Swali moja tu, kwa sauti ya chini, na lilinichoma kuliko angegomba. Wifi yangu wakati huo alikua anakaa kwetu, alisikia, kesho yake akasema jikoni, siku hizi wanawake wa sokoni mna mambo. Wiki ile nilikua nalala nimegeukia ukutani. Nasema hivi kwasababu nadhani wanawake wengi wanaficha majibu yao kwa ajili ya hili, na ukificha jibu leba hawatalijua.

Nilichofanya nikamuomba daktari aongee naye. Akakubali, na baba watoto kwa kweli alikuja, alipumzisha gari siku nzima. Daktari akamwambia huu sio ugonjwa wa zinaa, huyu bakteria ni wa utumbo, hata wewe hapo ulipokaa unaweza kuwa naye, hata bibi wa miaka themanini. Haulizwi mtu ametoka wapi, na mume hatibiwi. Kwenye Noah tukirudi hakusema kitu mpaka tunakaribia nyumbani, akasema, mama, nisamehe. Wifi alichukua muda zaidi, nitarudi kwake.

Kosa lingine, na hili nililifanya nikiwa nimeshaelezwa. Daktari alisema dawa utapewa siku ya uchungu, kwa mshipa. Mimi roho haikukubali, nakaaje na mdudu mwilini wiki tatu nasubiri? Nikaenda duka la dawa nikanunua amoksilini, nikameza siku tatu. Nilipomwambia daktari akanisimamisha. Akasema vidonge vinampunguza kwa siku chache, lakini makao yake ni utumbo, anarudi tena ukeni kabla hujajifungua, kwahiyo umemeza dawa bure na unafundisha wadudu kuzoea. Kinachotakiwa ni dawa iwe imejaa kwenye damu yako na kwa mtoto muda ule anaopita. Ila akasema kama ni kwenye mkojo ameonekana, yani umepata yutiai ya huyu huyu, hiyo inatibiwa muda huo kwa vidonge na unamaliza dozi, halafu leba unachomwa pia. Nikakumbuka zile dawa zangu za 2021 kwenye droo.

Mpango aliouandika ulikua hivi. Uchungu ukianza au chupa ikipasuka, naenda muda huo huo, sisubiri. Nikifika naanzishiwa penisilini ya mshipa, yuniti milioni 5 ya kwanza, halafu milioni 2.5 kila masaa manne mpaka nizae, na inatakiwa ya kwanza ipite walau masaa manne kabla mtoto hajatoka ndio kinga inakua kamili. Aliniuliza mara mbili kama penisilini imewahi kunidhuru, kuvimba uso, kubanwa kifua, vipele. Hapana. Kama wewe imewahi, sema mapema kabisa, zipo dawa nyingine lakini kwa baadhi yake inabidi maabara wapime kwanza kama huyo mdudu wako zinamuua. Na kama umepangiwa upasuaji na chupa haijapasuka na uchungu haujaanza, hiyo penisilini ya GBS haihitajiki, kipimo bado unafanya maana uchungu unaweza kukuwahi kabla ya tarehe.

Nikatoa kopi tatu za majibu. Moja ndani ya kadi ya kliniki, moja kwenye begi la leba, moja baba watoto akaiweka kwenye gari. Na juu ya kadi nikaandika kwa peni nyekundu, GBS YUPO, PENISILINI LEBA. Kuna mtu ataona nimezidisha. Subiri.

Uchungu ulianza saa 3 usiku nikiwa wiki 39 na siku mbili. Saa 4 na nusu tuko leba. Sista aliyenipokea nikampa karatasi, akaisoma akaigeuza, akasema hii dawa utaandikiwa baada ya kujifungua ukipata homa. Alikua na wagonjwa wengine wawili wanapiga kelele na yuko peke yake na msaidizi. Mimba ya kwanza ningenyamaza. Nikamwambia sista samahani, nakuomba, mwanangu wa kwanza alilazwa siku kumi, daktari ameandika nianze sasa hivi, nakuomba umpigie daktari wa zamu. Nilisema nimeshika chuma cha kitanda. Akanitazama, akaenda kupiga simu. Alivyorudi alikua mtu mwingine, akaniwekea kanula mwenyewe. Ila dawa stoo ya usiku haikuwepo, baba watoto akatoka na bajaji kutafuta duka lililo wazi, akazunguka karibu saa zima. Ningejua ningeinunua mchana nikaiweka kwenye begi pamoja na glovu na pamba, na hili muulize daktari wako akuandikie mapema, chupa za penisilini na maji yake hazikufika hata 10,000.

Dozi ya kwanza iliingia saa 5 na dakika 40 usiku. Niliiangalia ile dripu inavyodondoka tone tone nikawa nahesabu, naomba Mungu mtoto asitoke haraka, ni ajabu mtu uko kwenye uchungu unaomba uchungu uende taratibu. Dozi ya pili saa 9 na dakika 40. Saa 10 na dakika 25 alfajiri akazaliwa, kilo 3.4, masaa manne na dakika 45 toka ile ya kwanza. Sista akamlaza kifuani kwangu, na kitu cha kwanza sikumwangalia sura, niliweka sikio kwenye pua yake kusikiliza kama anaguna. Kimya. Pumzi safi.

Tulikaa hospitali siku mbili nzima, niliomba mwenyewe. Kila masaa machache walikuja kuhesabu pumzi na kupima joto. Mnaozaa, tafadhali jueni hivi vitu, mtoto anaguna, anapumua mbio, mbavu zinaingia, hataki ziwa, amelegea kama kitambaa, ana homa au amekua wa baridi, rangi imebadilika. Usikubali baridi hiyo mfunike. Mwambie mtu amfunue aangalie. Na sindano ya leba inasaidia kuzuia ule ugonjwa wa wiki ya kwanza, haizuii unaokuja baadae, mpaka karibu miezi mitatu bado anaweza kuugua, kwahiyo mimi kila homa nilimkimbiza hospitali, na mara zote mbili ilikua mafua tu, nikarudi, hakuna aliyenicheka. Kunyonyesha nilinyonyesha kama kawaida toka dakika ile. Baada ya zile dawa nilipata fangasi kidogo na mtoto akapata utando mweupe mdomoni, tukapewa dawa ya matone ikaisha ndani ya wiki.

Mkinijumlishia gharama zote za mara ya pili, ile ya maabara niliyopoteza, kuotesha, kumuona daktari mara tatu, nauli, dawa, haikufika 120,000. Ni hela nyingi kwa mtu wa Memorial, sidanganyi, ni wiki mbaya mbili tatu za biashara. Ya kwanza niliwaambia ilikua 412,000, na ile picha ya daktari anakimbia.

Mama mkwe alikuja kunilea uzazi, mtori kila asubuhi. Nikamweleza kuhusu chupa na masaa, nilipanga maneno siku nzima asijisikie vibaya. Alisikiliza akikoroga chungu, akasema, mwanangu sisi hatukujua, na wawili wangu walikufa siku ya pili, tukasema ni upepo. Miaka yote hiyo sikujua kama alizaa wanane.

Na wifi. Wifi ameolewa, ana mimba, yuko Majengo. Wiki iliyopita alikuja jioni, akakaa, akazunguka zunguka na maneno, mwisho akasema dada, ile karatasi yako ya maswali ya maabara bado unayo? Nilikua nayo kwenye kadi. Jumanne anatimiza wiki 36, tunaenda wote, nimeshampigia yule dada wa maabara kuuliza kama ile supu ipo.